Saya Kamitani ni nani? Haya hapa mapambano ya kuanza nayo

Kama unafuatilia WWE, basi IYO SKY na KAIRI unawajua. Wote wawili walipitia Stardom, kampuni ya mieleka ya wanawake ya Japani. Sasa hivi ukiuliza mashabiki wa Stardom nani wa kumwangalia, jina la Saya Kamitani halitachelewa kutajwa.

Tatizo ni moja: ukiingia mtandaoni unakuta mapambano yake kibao na hujui uanzie wapi. Ushauri wangu, fuata jina moja zaidi, Tam Nakano. Kila hatua kubwa ya Saya huyu dada yupo, na mwisho wake ndio unaouma.

Kwanza, ametokea wapi?

Saya alizaliwa Novemba 1996, mkoa wa Kanagawa, jirani na Tokyo. Hakuanza na mieleka. Alikuwa mcheza dansi na ndoto yake ilikuwa kuwa msanii wa jukwaani. Mwaka 2019 alijiunga na mradi wa Stardom wa kutafuta wasichana wa kuimba na kucheza, na aliyeusimamia ni huyo huyo Tam Nakano, ambaye naye alitokea kwenye usanii. Agosti mwaka huo Saya alikuwa tayari ulingoni. Yaani aliyemfungulia mlango ni Tam. Kumbuka hilo.

Usiku wa Budokan, Machi 3, 2021

Stardom ina mikanda miwili mikubwa. Mwekundu ni wa ubingwa wa dunia wa kampuni, na mweupe ndio unaoufuatia, ingawa mashabiki wengi wanasema mweupe ndio wenye hisia zaidi. Saya alikuwa hajafikisha hata miaka miwili kwenye kazi alipopewa nafasi ya kuugombea mwekundu dhidi ya Utami Hayashishita, mwenzake wa kundi la Queen's Quest, ndani ya ukumbi wa Nippon Budokan.

Alipoteza. Lakini hapo ndipo wengi walipomwona vizuri. Ana urefu wa sentimita 168, mrefu kwa wenzake wengi, halafu anaruka kama mtoto wa sarakasi. Silaha yake inaitwa Phoenix Splash: anapanda kona ya ulingo, anaupa ulingo mgongo, anaruka huku anageuka, anapiga sarakasi hewani na kumshukia mpinzani kwa tumbo. Ukiiona mara ya kwanza utarudisha video nyuma.

Usiku huo huo, pambano la mwisho, Tam alimshinda Giulia na kuchukua mkanda mweupe. Dau lilikuwa nywele, na Giulia akanyolewa kipara pale pale ulingoni.

Desemba 29, 2021: hili ndilo ninalolipenda zaidi

Juni 2021 Saya alishinda mashindano ya Cinderella, na Julai akaenda kumdai Tam mkanda mweupe. Tam akamshinda. Mwanafunzi akarudi nyumbani mikono mitupu.

Wakakutana tena mwisho wa mwaka, ukumbi wa Ryogoku Kokugikan, nyumbani kwa sumo. Safari hii Saya akashinda. Kinachonivutia hapa ni jinsi wanavyopigana kama watu wanaojuana mno. Kila mmoja anajua mwenzake atafanya nini, kwa hiyo kila pigo linabidi liwe zito kuliko lililotangulia.

Baada ya hapo mkanda ulikaa kwake siku 480. Aliutetea mara 15, rekodi ya mkanda ule. Kwenye hizo 15 wamo Tam na Utami, wote aliwazima Machi 2022, siku mbili zinazofuatana. Aprili 23, 2023 Mina Shirakawa ndiye aliyemaliza utawala huo, Yokohama Arena.

Miezi mitatu baadaye kiwiko kikatoka mahali pake katikati ya pambano na Starlight Kid, akawa nje kwa miezi.

Julai 2024: anakuwa mbaya

Hili si la kuangalia kwa ufundi, ni la kuangalia kwa mshtuko. Sapporo, Maika anautetea mkanda mwekundu dhidi ya Natsuko Tora, kiongozi wa kundi la wakorofi. Saya, kipenzi cha watoto, anaingia na kumsaidia Tora. Maika anapoteza mkanda, Saya anawapa wenzake wa Queen's Quest mgongo na kujiunga na kundi la H.A.T.E.

Na kiukweli, ubaya ulimfaa. Nguo nyeusi, dharau usoni, maneno ya kuudhi. Alipokuwa mwema alikuwa mzuri tu. Alipokuwa mbaya ukawa huwezi kumtolea macho.

Desemba 29, 2024, miaka mitatu kamili tangu lile pambano la kwanza na ukumbi ule ule wa Ryogoku, alimshinda Tam na kuchukua mkanda mwekundu.

Aprili 27, 2025, Yokohama Arena

Machi 2025 walipambana kwa sharti kwamba anayeshindwa anaondoka Stardom. Tam akashindwa. Hakukubali yaishe hivyo. Wakapangiwa pambano jingine: mkanda mwekundu, na anayeshindwa anastaafu mieleka kabisa.

Najua utasema, "Si maigizo hayo?" Ndiyo, mshindi hupangwa. Lakini kustaafu hakukuwa maigizo. Saya alishinda, na Tam Nakano akaachana na ulingo. Aliyemleta Saya kwenye mieleka ndiye aliyetolewa na Saya. Uangalie uso wa huyo "mbaya" baada ya hesabu ya tatu, halafu uniambie kama bado ulikuwa unamchukia.

Utayaona wapi?

Mapambano kamili yako Stardom World, huduma ya kulipia ya kampuni yenyewe. Chaneli yao ya YouTube ina vipande vya bure. Haya ya ubingwa ni marefu, kwa hiyo angalia bando lako kwanza. Kama una nafasi ya pambano moja tu leo, anza na la Desemba 2021. La Yokohama liweke la mwisho kabisa, usiliruke kwenda huko mapema hata kama watu watakutumia kipande chake.