Kodi ya Serikali na Kodi ya Nyumba: Historia ya Nyumba za Kikomo cha Kipato Nchini Marekani na Ugumu wa Kuzitaja kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Kiswahili hutumia neno moja, kodi, kwa mambo mawili ambayo sheria ya Marekani huyatenga kabisa: fedha ambazo serikali humtoza raia, na fedha ambazo mpangaji humlipa mwenye nyumba. Neno pango lipo, na kamusi zinalitambua, lakini mpangaji wa Dar es Salaam husema "nimelipa kodi" na hakuna anayedhani ametoka ofisi ya mapato. Utata huo haumdhuru mtu katika mazungumzo. Unadhuru pale mzungumzaji wa Kiswahili anapoketi mbele ya fomu ya kuomba nyumba iliyojengwa kwa nafuu ya kodi, akaelezwa kuwa nyumba hizo zina "nafuu ya kodi", naye akaelewa kuwa atalipa pango dogo linalolingana na mshahara wake.

Waombaji wa namna hiyo si wachache. Katika mwaka wa fedha 2019 Marekani ilipokea wakimbizi 30,000, na karibu 13,000 kati yao walitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wengi walikuwa wamekaa miaka mingi katika makambi ya nchi jirani, kama vile Nyarugusu nchini Tanzania, Nakivale nchini Uganda na Kiziba nchini Rwanda, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Hoja ya makala hii ni kwamba ugumu wanaoupata mbele ya fomu hauishii kwenye tafsiri mbovu. Unatokana na badiliko la kihistoria la mwaka 1986, ambapo nyumba za watu wa kipato cha chini zilihamishiwa kutoka katika lugha ya matumizi ya serikali hadi katika lugha ya sheria ya kodi.

2.0 Pango lilipomfuata mpangaji

Sheria ya Nyumba ya mwaka 1937 iliiwezesha serikali kuu ya Marekani kugharimia ujenzi wa nyumba za umma, lakini gharama za kuziendesha zilitegemea pango la wakazi. Majengo yalipochakaa na gharama kupanda, pango nalo lilipanda, na masikini zaidi ndio walioumia. Mwaka 1969 wapangaji wa nyumba za umma mjini St. Louis waligoma kulipa. Mwaka huohuo Seneta Edward Brooke wa Massachusetts alifanikisha marekebisho yaliyobeba jina lake: pango la nyumba ya umma lisizidi asilimia 25 ya kipato cha mpangaji mwenyewe. Kiwango hicho kilipandishwa hadi asilimia 30 mwaka 1981, lakini msingi ulibaki. Swali lililoulizwa lilikuwa: wewe unapata kiasi gani?

Januari 1973 utawala wa Rais Nixon ulisimamisha miradi mipya ya nyumba zilizofadhiliwa na serikali kuu. Sheria ya mwaka 1974 ilileta Kifungu cha 8, ambacho hadi leo huisaidia familia kulipa sehemu ya pango kwa mwenye nyumba binafsi. Hapo pia kipimo kilikuwa kipato cha familia yenyewe.

3.0 Mwaka 1986 na swali jipya

Rais Reagan alitia saini Sheria ya Marekebisho ya Kodi tarehe 22 Oktoba 1986. Ndani yake kulikuwa na Kifungu cha 42, kilichofanywa cha kudumu mwaka 1993. Utaratibu wake ni huu. Kila jimbo hupata mgawo wa nafuu za kodi kulingana na idadi ya watu wake. Mamlaka ya nyumba ya jimbo huzigawa kwa wajenzi wanaoshindana, nao huzitoa kwa wawekezaji, hasa mabenki, ili kupata mtaji wa ujenzi. Mwekezaji hupunguziwa kodi yake ya serikali, dola kwa dola, kwa miaka 10. Jengo nalo, kama lilipata nafuu hiyo tangu mwaka 1990, hufungwa na masharti kwa miaka isiyopungua 30. Serikali haitoi hundi, huacha kukusanya. Mfasiri anayeiita nafuu hii "mkopo wa kodi" amepotea njia, kwa kuwa hakuna anayekopa wala anayerejesha.

Kwa kanuni ya awali, mjenzi huchagua mojawapo ya njia mbili: kutenga angalau asilimia 20 ya nyumba kwa kaya zenye kipato kisichozidi asilimia 50 ya kipato cha katikati cha eneo, au angalau asilimia 40 kwa kaya zisizozidi asilimia 60. Mwaka 2018 iliongezwa njia ya tatu, ya kukadiria wastani wa viwango. Kipato cha katikati ni kile ambacho nusu ya familia za eneo ziko juu yake na nusu chini yake. Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji hukitangaza kila mwaka.

Hapa ndipo historia ilipogeuka. Pango la juu kabisa katika nyumba hizi ni asilimia 30 ya kikomo cha kipato. Kipato cha mpangaji mwenyewe hakiingii katika hesabu hiyo. Tuchukue eneo la kubuni ambapo kipato cha katikati cha familia ya watu wanne ni dola 80,000. Kikomo cha asilimia 60 ni dola 48,000. Nyumba ya vyumba viwili vya kulala huhesabiwa kana kwamba ina watu watatu, yaani mtu mmoja na nusu kwa kila chumba, na kikomo cha watu watatu ni dola 43,200. Asilimia 30 yake, ikigawanywa kwa miezi 12, ni dola 1,080, pamoja na makadirio ya umeme na maji. Familia ambayo mfanyakazi wake mmoja anapata dola 26,000 kwa mwaka itatoa karibu nusu ya kipato chake. Chini ya msingi wa Brooke ingelipa takriban dola 650.

Wenye majengo wengi huongeza sharti lao: kipato kiwe angalau mara mbili na nusu ya pango. Kwa mfano wetu hiyo ni dola 32,400 kwa mwaka. Basi familia ya dola 26,000 inakataliwa kwa kuwa ni masikini mno kwa nyumba za masikini, isipokuwa kama ina hati ya Kifungu cha 8, ambayo mwenye jengo haruhusiwi kuifanya sababu ya kumkataa mtu. Sheria imeweka dari. Sakafu imewekwa na soko. Maneno "bei nafuu" hayaonyeshi lolote kati ya hayo mawili.

4.0 Fomu na Kiswahili chake

Mwombaji hutakiwa kutaja wote watakaoishi katika nyumba, vyanzo vyote vya kipato na mali, na kuruhusu mwajiri na benki kuthibitisha. Kisha hutia saini akijua kwamba kusema uongo ni kosa la jinai. Kosa la tafsiri hapa laweza kusomwa kama udanganyifu.

Chukua dhana ya kaya. Neno hili limezoeleka Tanzania kupitia sensa, lakini si neno la kila siku Lubumbashi wala Bukavu. Mkongo husema familia au jamaa, na jamaa katika Kiswahili cha Katanga ni familia yenyewe. Ndiyo maana vuguvugu la Kikatoliki la Placide Tempels liliitwa Jamaa. Katika Kiswahili sanifu jamaa ni ndugu yeyote. Akiulizwa "jamaa yako ni wangapi?", mama mmoja atamhesabu mpwa aliyebaki kambini, mwingine atamwacha shangazi anayelala chumba cha pili. Idadi hiyo si jambo dogo: kikomo cha watu wanane ni asilimia 132 tu ya kikomo cha watu wanne. Watu wameongezeka maradufu, kikomo kimepanda kwa chini ya theluthi. Familia kubwa yenye vijana watatu wanaofanya kazi huweza kuvuka dari huku kila mmoja akipata mshahara wa chini.

Kipato nacho ni kile kinachotarajiwa katika miezi 12 ijayo, kabla ya makato yoyote. Fedha ambazo ndugu hutuma mara kwa mara kuisaidia kaya huhesabiwa kuwa kipato. Fedha ambazo kaya hutuma Nakivale kila mwezi hazipunguzwi. Kimaadili, mpokeaji na mtumaji wako katika mkataba mmoja wa udugu, lakini fomu huona upande mmoja tu.

Wajibu wa kutafsiri ulikuwa na historia yake. Amri ya Rais Clinton namba 13166, ya tarehe 11 Agosti 2000, ilitaka taasisi za serikali kuu na wanaopokea fedha zake wawafikie wasiojua Kiingereza vizuri. Kwa tafsiri moja yenye nguvu, nafuu ya kodi si msaada wa fedha za serikali, hivyo jengo lisilo na ruzuku nyingine lingeweza kudai kuwa haliguswi. Kuhamia kwenye kodi kulilegeza pango na lugha kwa pamoja. Amri hiyo ilifutwa tarehe 1 Machi 2025, Kiingereza kilipotangazwa kuwa lugha rasmi ya Marekani.

Kwa hiyo kazi ya istilahi inaangukia zaidi mikononi mwa wakalimani wa jamii na wataalamu wetu. Istilahi "nyumba za bei nafuu" tayari imeshikwa na Kenya, ambako Sheria ya mwaka 2024 inatoza asilimia 1.5 ya mshahara, imeandika viwango vya kipato kwa shilingi, na inalenga zaidi kumfanya mwombaji awe mmiliki. Kwa mfumo wa Marekani, makala hii inapendekeza "nyumba za pango lenye kikomo cha kipato", kodi ibaki kwa serikali pekee, pango kwa mwenye nyumba, na mahali pa "kaya" fomu iulize waziwazi, "Taja kila mtu atakayeishi katika nyumba hii, awe ndugu au si ndugu." Istilahi hizo zijaribiwe kwanza kwa wasemaji wa Kiswahili cha Kivu na Katanga, ambao wengi wao hulijua pango kwa jina la Kifaransa, loyer, kabla ya kuingizwa katika kamusi yoyote ya Dar es Salaam au Nairobi.