Mfupa Uliunga, Usiku Haukupona

Mwaka 1971, Hospitali ya KCMC ilipofunguliwa mjini Moshi, ketamini ilikuwa imeidhinishwa Marekani mwaka mmoja tu kabla. Ilitengenezwa mwaka 1962, ikawahudumia majeruhi wa vita vya Vietnam, na mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani likaiingiza katika orodha ya dawa muhimu. Sababu ni wazi: humlaza mgonjwa huku kwa kawaida akiendelea kupumua mwenyewe, hivyo hata hospitali ya kijijini isiyo na mitambo huweza kupasua.

Nami ni shahidi. Basi letu lilipopinduka tukiteremka kutoka Marangu, nililazwa kwa dawa hiyo, mfupa wa paja ukaungwa. Lakini kila usiku niliendelea kusikia vilio vya abiria, na hakuna aliyeniuliza habari za usiku.

Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa dozi ndogo ya dawa ileile hupunguza sonona upesi. Huko sasa, katika tiba ya kiwewe, baadhi ya wagonjwa hupewa dawa hiyo pamoja na mtaalamu wa kuwasikiliza. Kwetu chupa imo kabatini tangu zamani. Anayekosekana ni msikilizaji. Tukiiga tiba hiyo bila kumsomesha huyo, tutawalaza watu tena, hatutawaponya.