Manju wa Usukuma na ugomvi uliozaa watunzi

Msimu wa mbina, ngoma za mashindano za Wasukuma, umerudi. Mavuno yakishakusanywa, kuanzia Juni hadi Agosti, viwanja vya Simiyu hutimka vumbi, iwe Bariadi mjini, iwe vijiji vya Sola kule Maswa. Umerudi pia mchezo ule ule wa redio zetu: wimbo unapigwa, mtangazaji anasema ni "ngoma ya asili ya Wasukuma", basi. Mtunzi hatajwi. Ungedhani wimbo ulijiotea kama mbigili.

Usukumani wimbo una mwenyewe. Mwenyewe huyo ni ning'i, au manju kwa Kiswahili: anatunga, anafundisha wachezaji, anaongoza uwanjani, na mara nyingi analitia jina lake na la baba yake ndani ya beti ili asiibiwe. Frank Gunderson, mtafiti wa muziki kutoka Marekani, alilichukulia jambo hili kwa uzito. Kitabu chake cha mwaka 2010 kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma kina nyimbo zaidi ya 300 zenye maelezo, na watunzi wake wanatajwa kama watu wenye maisha yao na kazi zao. Inauma kidogo kwamba kitabu hicho kilichapwa Uholanzi, kwa Kiingereza, na bei yake ni ya maktaba za ng'ambo.

Kazi ya manju ilipata sura tunayoijua leo kutokana na ugomvi. Masimulizi yanayohifadhiwa katika makumbusho ya Bujora yanawataja wataalamu wawili wa dawa wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Kila mmoja alijigamba kwamba dawa yake ndiyo kali. Wangeweza kurogana hadi mmoja afe, lakini ukapatikana uamuzi wa busara kuliko huo: wacheze siku moja, uwanja mmoja, kila mtu na kundi lake, na watazamaji waamue kwa miguu yao. Atakayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wa Gumha wakawa Bagalu, na mpaka leo kundi la mbina huwa la upande mmoja au mwingine.

Tazama kanuni hiyo ilivyo kali. Hakuna jaji wa kuhonga wala zamu ya kupanda jukwaani. Makundi mawili yanapiga kwa wakati mmoja, na mtazamaji akichoshwa anageuka na kuvuka upande wa pili. Manju anamwona akiondoka. Ndiyo maana manju hatungi wimbo mmoja akastarehe. Anahitaji kejeli ya kumchoma mpinzani, habari mpya ya kijiji, na kituko cha kuwarudisha waliovuka. Wengine walileta nyoka, wengine fisi, wengine vinyago na magongo marefu ya kutembelea. Na samva, dawa ya mvuto, haikosi. Wasomi hupenda kuicheka samva, lakini manju anayeamini kwamba umati ni wake huimba tofauti na mwenye wasiwasi.

Huko London, miaka ya 1720, mashabiki wa watunzi Handel na Bononcini walikuwa wakigombana vivyo hivyo kuhusu opera. Majina ya wote wawili yameandikwa vitabuni. Pwani yetu nayo ilikuwa na Marini na Arinoti, vyama pinzani vya ngoma ya beni.

Kwa Bagalu, ushindani na Bagika ulizaa bugobogobo, ngoma ya jembe. Gunderson anaonyesha jinsi nyimbo na nidhamu za chama cha wawindaji wa nungunungu, Banunguli, zilivyohamia shambani, jembe likashika nafasi ya silaha na kurushwa hewani kwa mdundo. Wakati wa ukoloni pamba ilihitaji mikono, na kundi lenye manju mzuri lililima ekari nyingi bila kulalamika. Baada ya uhuru jembe hilo lilipanda majukwaa ya taifa, nyimbo zikakisifu chama tawala, TANU. Miaka ya 1980 zikaingia za sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji. Padri David Clement, Mkanada wa Bujora, aliziingiza ngoma kanisani na kuanzisha makumbusho hayo ya Bujora, na sherehe ya Bulabo inawakutanisha Bagika na Bagalu kila mwaka baada ya sikukuu ya Ekaristi. Kisha zikaja kanda, na sasa simu.

Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012, hujivunia pamba na ng'ombe. Manju wake hauwaorodheshi. Suala la kumtaja mtunzi lina fedha ndani yake: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatofautisha kazi ya mtunzi na sanaa ya jadi ya jamii. Mtangazaji anayesema "ngoma ya asili" na kunyamaza anamhamisha manju kutoka kundi la kwanza kwenda la pili, wakati mwenyewe yuko hai, ametaja jina lake katika ubeti wa kwanza, na bado anadaiwa mbuzi na mganga aliyempa samva.