Usemi huru wa taarifa: sauti mbili katika sentensi moja

Aliyepita sekondari amewahi kugeuza usemi halisi kuwa usemi wa taarifa. Alama za mtajo huondolewa, "nitakuja" huwa "angekuja", "leo" huwa "siku hiyo", na mbele huwekwa "alisema kuwa". Riwaya, hata hivyo, zina usemi wa tatu usiotahiniwa. Mwaka 1912 mwanaisimu wa Uswisi, Charles Bally, aliuita kwa Kifaransa *style indirect libre*. Kwa Kiswahili napendekeza tuuite usemi huru wa taarifa.

Tumchukue msichana aliyechelewa kurudi nyumbani.

Usemi halisi: "Nitaingiaje leo?" Zuhura alijiuliza. "Mama ataniona tu!"

Usemi wa taarifa: Zuhura alijiuliza angeingiaje siku hiyo, akahofu kwamba mama yake angemwona.

Usemi huru wa taarifa: Zuhura alisita mlangoni. Ataingiaje leo? Mama atamwona tu!

Katika mfano wa tatu, nafsi ni ya msimulizi: "ataingiaje", si "nitaingiaje". Lakini "leo", swali, mshangao na lile "tu" la kukata tamaa ni vya Zuhura mwenyewe. Hata "mama" ni wake. Msimulizi angesema "mama yake". Watu wawili wamo katika sentensi moja, na hakuna "alifikiri" ya kuwatenganisha. Kifaransa kwa kawaida hukirudisha kitenzi katika wakati uliopita, hivyo msimulizi huacha alama yake hapo. Kiswahili kinaweza kuiacha -ta- kama ilivyo, na kilichobaki cha msimulizi ni kiambishi cha nafsi tu.

Jambo hili liliwahi kuchangia kumfikisha mwandishi mahakamani. Gustave Flaubert alichapisha *Madame Bovary* katika jarida la *Revue de Paris* mwaka 1856, na mwanzoni mwa 1857 akashtakiwa Paris kwa kukiuka maadili ya umma na dini. Mwendesha mashtaka, Ernest Pinard, alikasirishwa hasa na ukurasa ambapo Emma, mke wa mtu, anajitazama kwenye kioo baada ya kuzini na kufurahia kuwa amepata mpenzi. Kwa Pinard, huko kulikuwa kuutukuza uzinzi. Lakini anayeutukuza ni nani? Furaha ni ya Emma, ila sehemu yake kubwa imepita katika sentensi za msimulizi bila kuwekewa alama za mtajo, wala msimulizi hakutia neno la kumkemea. Mnamo Februari 1857 mahakama ilimwachia Flaubert huru, ingawa ililaumu kitabu chake.

Filamu inafanya nini na ukurasa kama huo? Vincente Minnelli alipoitengeneza *Madame Bovary* huko Hollywood mwaka 1949, alianza na kesi yenyewe: mwigizaji James Mason, akiwa Flaubert, anasimama kizimbani kumtetea Emma. Claude Chabrol, katika filamu yake ya 1991, alimpa msimulizi asiyeonekana kazi ya kuzungumza juu ya picha. Wote wawili walilazimika kumtafutia msimulizi koo. Kamera inaweza kutazama kutoka machoni pa mhusika, muziki unaweza kututia hofu yake, na uso wa mwigizaji hodari husema mengi kuliko aya nzima. Lakini neno likishatamkwa lina mwenyewe: ni la mwigizaji au ni la msimulizi, la kike au la kiume, la dhihaka au la huruma. Maandishi hayana koo. Msomaji hulisikia "Mama atamwona tu!" kwa sauti mbili papo hapo, wala halazimiki kuchagua. Hili ndilo ambalo hadithi iliyoandikwa inaliweza na filamu hailiwezi.

Turudi kwenye jina. Wajerumani huuita usemi huu *erlebte Rede*, yaani usemi unaoishiwa ndani yake. Kwetu, "usemi ulioishiwa" ungechekesha, kwani aliyeishiwa ni asiye na hata nauli. "Usemi mseto" ni jina fupi na tamu, lakini wengi wangedhani ni kuchanganya Kiswahili na Kiingereza. "Usemi wa taarifa huru" unapotosha, kwa kuwa "huru" haichukui kiambishi cha upatanisho, na msomaji ataiambatisha kwenye taarifa, kana kwamba tunazungumzia uhuru wa habari. Kilicho huru ni usemi: haukufungwa kwenye "alisema kuwa". Ndiyo maana "huru" inakaa vizuri zaidi kando ya "usemi", na istilahi yote inaungana na zile mbili ambazo mwanafunzi anazijua tayari.

Walimu wa fasihi, ongezeni basi mstari wa tatu ubaoni. Na kabla ya kumwuliza mwanafunzi "mwandishi anasema nini hapa?", mwulizeni kwanza maneno hayo ni ya nani. Pinard angeanza na swali hilo, pengine Flaubert asingefikishwa mahakamani.