Mzee wa Miti Hakuwepo

Wasee, wiki iliyopita niliposti klipu ya filamu ya katuni, nikaandika juu yake "stori ya kweli". Ikashika. Halafu beshte yangu akanipigia simu: "Huyo mzee alizikwa wapi?" Nikakwama.

Filamu ni *L'homme qui plantait des arbres* ya mwaka 1987, ya Frédéric Back wa Kanada. Ni dakika 30 hivi. Mchungaji anayeitwa Elzéard Bouffier anaishi peke yake kwenye milima mikavu ya kusini mwa Ufaransa. Jioni anachambua mbegu 100 za mwaloni, moja moja. Kesho yake anatoboa ardhi kwa fimbo ya chuma na kuzipanda. Vita viwili vya dunia vinapita, yeye anapanda tu. Mwishowe msitu unakuwa mkubwa, maji yanarudi kwenye vijito, watu wanarudi vijijini.

Back alichora kwa penseli za rangi, maelfu ya michoro, kwa miaka kama mitano. Mwaka 1988 kazi hiyo ikampa Oscar.

Sasa, kaburi. Halipo. Mwaka 1953 mwandishi Jean Giono aliombwa na jarida la Marekani, Reader's Digest, aandike kuhusu mtu wa kipekee aliyewahi kukutana naye. Akawapa Bouffier. Jarida likachunguza, likakuta hakuna mtu kama huyo, likakataa hadithi. Vogue ikaichapisha mwaka 1954. Mwaka 1957 Giono alimwandikia afisa mmoja wa misitu na kukiri: mzee ni wa kutunga, yeye alitaka tu watu wapende kupanda miti.

Unaweza kusema, si nia ilikuwa njema? Ilikuwa njema kweli. Lakini angalia kile ambacho hadithi ya kutunga inaruka. Bouffier anapanda kwenye ardhi isiyo yake, hajui ni ya nani, na hakuna anayemsumbua. Serikali ikija, inakuja kuulinda msitu.

Sisi Wakenya tunajua haiendi hivyo. Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977. Hakuwa peke yake. Walikuwa wanawake wa vijijini wakiotesha miche kwa vikundi, wakipata malipo kidogo kwa kila mche ulioshika. Na swali la kwanza lilikuwa lile lile Bouffier hakuulizwa: hii ardhi ni ya nani? Msitu wa Karura ni mali ya umma, lakini ulikuwa unagawiwa watu wajenge. Januari 1999 alienda pale kupanda mti, akapigwa na walinzi hadi akatoka damu kichwani. Karura ipo leo kwa sababu watu waligoma kunyamaza, si kwa sababu mtu alipanda kimya kimya.

Ndiyo maana "stori ya kweli" yangu ilikuwa na madhara. Inamfundisha kijana kwamba jembe na subira vinatosha. Havitoshi kama mwenye hati ya kughushi anakungoja getini.

Klipu sijaifuta, maana ni filamu tamu sana. Nimebadilisha tu maneno ya juu: "Hii ni ya kutunga. Ya kweli iko Karura."