Tumbo la Gesi: Mkono wa Nyanya na Chupa ya Dukani

 

Mtoto ana wiki nne. Mchana amenyonya vizuri na kulala vizuri, lakini jua likizama anaanza kulia. Anakunja magoti, anafunga ngumi, uso umemuiva, na tumbo ukiligusa ni gumu kama ngoma. Ukimpa titi analivuta kidogo kisha analiachia. Kufikia saa nne za usiku nyumba nzima iko macho na kila mtu ana dawa yake. Mama mkwe anasema maji ya sukari. Jirani anasema samli kidogo kwenye ulimi. Baba ametumwa kwa kemisti kuleta Gripe Water. Na yuko nyanya mmoja pembeni ambaye hasemi mengi. Anaomba tu apewe mafuta ya simsim na amlaze mtoto mapajani mwake.

Leo nataka tuulize: dawa hizi zilitoka wapi? Nyingi tunaziita za jadi na wala si za jadi. Ile ambayo ni ya jadi kweli, hapa Banissa na kote Mandera, ndiyo tunaidharau.

Tuanze na chupa, kwa sababu ndiyo inayopendwa zaidi. Aliyeitengeneza ni mfamasia wa Uingereza, William Woodward, katika mji wa Nottingham, mwaka 1851. Wakati huo mashariki mwa Uingereza kulikuwa na mabwawa makubwa, na watu wa huko waliugua malaria. Ndiyo mama, malaria, huko kwenye baridi. Watoto wao walipewa dawa ya homa hiyo, na ikaonekana kwamba wakishainywa wanatulia hata tumbo. Woodward akachukua wazo hilo akatengeneza maji yake: mafuta ya mbegu za shibiti, ambazo ni jamii moja na bizari, soda ya kuokea mikate, sukari, maji, na pombe. Mwaka 1876 akasajili jina la dawa yake. Kutoka hapo ilifuata njia za biashara za Waingereza, ikaingia India, ikaja Afrika, na leo iko kwenye rafu za maduka yetu.

Umesikia neno pombe? Dawa ile ya asili ilikuwa na pombe asilimia 3.6. Za watengenezaji wengine zilikuwa na zaidi ya hapo. Fikiria nyumba za Kiislamu, ambako tone la pombe haliingii mlangoni, na huku miaka zaidi ya mia moja mama wa dini zote duniani waliwapa watoto wachanga kijiko kwa kijiko bila kujua. Huko Uingereza pombe iliondolewa katika dawa hizi mwaka 1992. Kwa hivyo chupa unayonunua leo huenda haina pombe, lakini usiamini kwa kusikia. Geuza chupa, soma kibandiko, na kama husomi mpe mtoto wa shule akusomee.

Sasa utauliza, mbona mtoto akipewa alikuwa ananyamaza? Sukari peke yake humnyamazisha mtoto mchanga kwa dakika chache. Hilo limethibitishwa, hata hospitalini hutumiwa wakati mwingine mtoto anapochomwa sindano. Ongeza pombe juu ya sukari, na bila shaka atalala. Lakini kunyamaza si kupona.

Wenzetu wa Marekani walijifunza jambo hili kwa uchungu. Huko kulikuwa na dawa maarufu ya kutuliza watoto, Mrs. Winslow's Soothing Syrup, iliyoanza kuuzwa mwaka 1849. Ilikuwa na mofini, ile dawa kali ya maumivu inayotokana na afyuni. Watoto walilala, na wengine hawakuamka tena. Sheria ya mwaka 1906 ndiyo iliyowalazimisha watengenezaji wa dawa kama hizo kuandika kwenye chupa kilichomo ndani. Na usidhani hayo ni ya zamani tu. Nchini Nigeria, mwaka 2008, watoto zaidi ya 80 walikufa kwa sababu ya dawa ya maji ya kutuliza maumivu ya meno iliyoitwa My Pikin. Ndani yake mlikuwa na sumu ambayo huwekwa kwenye mitambo, iliyochanganywa kiwandani. Mama hao walinunua dukani kama unavyonunua wewe. Sisi tunaoishi karibu na mpaka, dawa hutufikia kutoka pande nyingi, nyingine hazina hata nambari ya usajili ya Bodi ya Famasia na Sumu. Chupa ya namna hiyo iache dukani.

Turudi kwa maji ya sukari na samli. Hapa sitaki kumlaumu nyanya, maana hata sisi watu wa afya tuna sehemu yetu. Katika hospitali nyingi duniani, mtoto akizaliwa alipewa maji ya glukosi kabla ya titi, na wauguzi ndio waliompa. Mwaka 1991 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walianzisha mpango wa hospitali rafiki kwa mtoto ili kukomesha mambo kama hayo. Hata ushauri wa kumpa mtoto maziwa ya mama peke yake miezi sita kamili haujakaa sana. Kabla ya mwaka 2001 tulisema miezi minne hadi sita. Kwa hivyo nyanya akikuambia kwamba aliwapa watoto wake maji ya sukari na kliniki haikumkataza, huenda anasema kweli kabisa.

Lakini ushauri ulibadilika kwa sababu nzuri. Maji ya sukari unayotengeneza yametoka wapi? Kwa wengi wetu yametoka silanga, ambako ngamia na mbuzi wamekunywa asubuhi. Tumbo la mtoto wa wiki mbili ni dogo sana. Vijiko vichache vya maji vinalijaza, ananyonya kidogo, na maziwa yako yanapungua kwa kuwa titi hutengeneza kadiri linavyonyonywa. Kisha anaanza kuhara, na sasa una ugonjwa wa kweli mahali pa gesi.

Asali nayo ni dawa, wala sibishi, lakini si kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Mwaka 1976 madaktari wa California walitambua ugonjwa wa watoto wachanga unaolegeza mwili mzima hadi pumzi, na baadaye ikajulikana kwamba asali ni mojawapo ya njia zinazoingiza viini vyake. (Habari za tahniki nitazizungumza siku nyingine, tukiwa pamoja na sheikh.)

Sasa yule nyanya wa mafuta ya simsim.

Katika jamii za Kisomali, na majirani zao, mtoto mchanga huogeshwa maji ya uvuguvugu, akapakwa mafuta ya simsim, akakandwa, kisha mikono na miguu yake ikanyooshwa polepole. Hakuna aliyesoma jambo hili kitabuni, ni mkono umefundisha mkono. Ajabu ni kwamba wazungu walikuja kulijua baadaye sana, na kwa wengine. Daktari Mfaransa, Frédérick Leboyer, alimwona mama mmoja huko Calcutta, India, jina lake Shantala, amekaa chini akimkanda mtoto wake mapajani. Alimpiga picha na mwaka 1976 akatoa kitabu chenye jina la mama huyo. Mmarekani Vimala McClure naye alijifunza kukanda akifanya kazi katika nyumba ya mayatima India mwaka 1973, akarudi kwao kuwafundisha wazazi. Mwaka 2000 watafiti wa India walichapisha matokeo ya kuwakanda watoto kwa mafuta mbalimbali, na mafuta ya simsim ndiyo yaliyofanya vizuri. Leo watu wa miji mikubwa hulipa pesa kufundishwa kile ambacho nyanya yako hukufanyia bure.

Je, kukanda kunaondoa gesi kabisa? Nitakuambia ukweli: ushahidi wa kitaalamu si mkubwa. Lakini mkono mwepesi hauna sumu, na mtoto anaposhikwa kwa utulivu, mara nyingi hutulia pia.

Kuna jambo jingine ambalo kila mama aliyejifungua angepaswa kuambiwa. Mwaka 1954 daktari wa watoto wa Marekani, Morris Wessel, aliandika kuhusu watoto wenye afya nzuri wanaolia zaidi ya saa tatu kwa siku, zaidi ya siku tatu kwa wiki, kwa zaidi ya wiki tatu. Mwaka 1962 mwenzake, T. Berry Brazelton, aliwafuatilia watoto wazima wa afya akaona kwamba kulia huongezeka wiki baada ya wiki, hufika kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua na kufikia miezi mitatu kumetulia. Hata gesi yenyewe, mara nyingi mtoto humeza hewa kwa sababu analia.

Wiki ya sita, mama! Hesabu siku. Ni pale pale arobaini inapokwisha. Siku arobaini umekaa ndani, wanawake wamekupikia, wamekuogeshea mtoto, wamekuzunguka. Arobaini ikiisha wote wanarudi kwao, na wewe unarudi kuchota maji na kuokota kuni, na ndipo mtoto analia kuliko siku zote. Kisha unaambiwa ni jicho baya, au umekula kitu kibaya, au maziwa yako ni mabovu. Si kosa lako. Na wewe mama mkwe unayesikiliza, kama una wiki mbili za kumsaidia mkwe wako, nakuomba baadhi ya siku hizo uziweke baada ya arobaini.

Haya, tukande. Usimkande aliyetoka kunyonya sasa hivi. Ngoja nusu saa au zaidi. Nawa mikono kwa sabuni, kata kucha, vua pete. Kaa mahali pasipo na upepo, mlaze mtoto mapajani akikutazama. Tia matone machache ya mafuta safi kiganjani na uyasugue mpaka yapate joto. Kama kitovu hakijakauka, usikiguse. Sasa zungusha vidole vyako tumboni polepole kwa duara, kufuata mwendo wa mishale ya saa. Sababu ya mwendo huo ni kwamba utumbo mkubwa hupanda upande wa kulia wa mtoto, hukata juu ya kitovu, hushuka upande wa kushoto, kwa hivyo unaisukuma hewa kuelekea inakotokea. Baada ya hapo shika miguu, kunja magoti yote mawili kuelekea tumboni, hesabu hadi tano, nyoosha. Rudia mara chache. Asipopenda, acha. Usibinye kwa nguvu, usimning'inize kwa miguu, usimrushe.

Baada ya kila kunyonya mweke begani umpigepige mgongo mpaka acheue. Hakikisha ameshika sehemu kubwa ya titi, si chuchu tu, maana anayeshika chuchu humeza hewa. Na ukiona hasira imekupanda kwa kilio, mlaze chali mahali salama, toka nje, vuta pumzi, kisha urudi. Mtoto hatikiswi kamwe.

Mwisho nataka nikueleze kisa kimoja. Miaka michache iliyopita nililetewa mtoto wa siku kumi na mbili. Alikuwa amelia siku tatu. Alikuwa amepewa maji ya sukari na Gripe Water, na kuzunguka kitovu kulikuwa na alama mpya za moto, kwa sababu kuna wanaoamini tumbo likichomwa maumivu hutoka. Nilipomshika alikuwa baridi, tumbo limevimba na kung'aa. Matapishi kwenye shuka yalikuwa ya kijani. Matapishi ya kijani kwa mtoto mchanga yanaweza kumaanisha utumbo umejisokota au umeziba, na anahitaji upasuaji haraka. Tulimtafutia gari usiku huo huo. Alifia njiani. Mama yake aliniambia alitaka kuja tangu siku ya kwanza alipoona ile rangi, lakini kila mtu nyumbani alimwambia ni gesi.

Mtoto wa gesi hulia kwa nguvu, na akitulia hunyonya, hukojoa na kuongezeka uzito. Lakini asiyetaka kunyonya, aliyelegea au anayelia kwa sauti dhaifu, mwenye joto kali au mwili baridi, anayepumua mbiombio au kifua kinabonyea, mwenye degedege, anayetapika kijani, mwenye damu kwenye choo, aliyevimba tumbo na hapati choo, huyo usimkande wala usimpe chochote isipokuwa titi akiweza. Mfunge kifuani mwako, ngozi kwa ngozi, na uje kituo cha afya hata kama ni usiku. Usingoje ruhusa ya mtu aliye safarini na mifugo. Ukikuta si kitu, utarudi nyumbani, na hakuna muuguzi mwenye haki ya kukucheka.

Kipindi kijacho tutazungumzia kitovu cha mtoto, na tutauliza kuhusu malmal.