Tunawajua Wapigaji; Wachongaji Wako Wapi?

Ndugu msikilizaji, mwombe mtu yeyote wa makamo hapa mjini akutajie wapiga magitaa waliotikisa nchi hii na nchi jirani. Hatahitaji muda wa kufikiri. Atakutajia Mbaraka Mwinshehe, atakutajia Remmy Ongala, kisha atavuka Ziwa Tanganyika na kukutajia Franco na Mwenda Jean-Bosco. Lakini mwulize swali la pili: je, magitaa waliyopiga yalichongwa na nani? Hapo atakohoa kidogo, atatazama juu, kisha atakuambia kwamba magitaa yalitoka dukani.

Dukani! Kana kwamba duka ni mti, na gitaa ni embe lake. Leo nataka tumzungumze huyo fundi asiyetajwa, na nitaanzia mbali ili nifike karibu.

Magitaa yasiyotumia umeme yapo ya namna nyingi, lakini kwa mazungumzo yetu ya leo tuyagawe mafungu mawili. La kwanza ni lile la uso bapa, ambalo wengi wetu tunaliita gitaa kavu. Uso wake ni ubao mwembamba ulionyooka kama meza, wenye tundu moja la duara. La pili ni gitaa ambalo uso wake umebinuka, umevimba katikati kama mgongo wa kobe, na badala ya tundu moja lina matundu mawili marefu yaliyojipinda, kama ya fidla. Ukiutazama haraka utadhani ubao huo umekunjwa kwa nguvu mpaka ukavimba. Sivyo. Gitaa bora la namna hii huanza na mbao nene, nazo huchongwa, nje na ndani, mpaka uvimbe huo utokee.

Aliyeanzisha njia hii kwa magitaa ni Mmarekani aitwaye Orville Gibson, wa mji wa Kalamazoo katika jimbo la Michigan. Alikuwa amepata kuwa karani wa duka la viatu, na kazi ya kuchonga aliifanya pembeni. Katika miaka ya 1890 alijiuliza: ikiwa fidla, chombo kidogo namna ile, kinasikika ukumbi mzima kwa sababu uso wake umechongwa kwa tao, kwa nini gitaa lisichongwe vivyo hivyo? Mwaka 1898 alipewa hataza kwa ajili ya mandolini iliyochongwa kwa mawazo hayo, na mwaka 1902 kampuni yenye jina lake ikaundwa. Miaka 20 baadaye, mwaka 1922, kampuni hiyo ikatoa gitaa liitwalo L-5, chini ya uangalizi wa fundi Lloyd Loar, likiwa na matundu yale ya fidla. Siku hizo gitaa la umeme halijaingia madukani. Mpiga gitaa aliyekaa katikati ya tarumbeta na ngoma alihitaji chombo chenye sauti ya kupenya, na gitaa la uso uliobinuka likampa sauti hiyo.

Sasa turudi kwetu. Gitaa lilifikaje huku maziwani? Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka uliofuata Wajerumani wakashusha ziwani meli yao Graf von Goetzen, ambayo ilizamishwa wakati wa vita, ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ng'ambo ya pili, Wabelgiji walikuwa na reli yao kutoka Kalemie hadi Kabalo tangu 1915, na kwa mapatano ya mwaka 1921 wakapewa sehemu zao za bandari Kigoma na Dar es Salaam. Kigoma ikawa mlango. Kwa upande mmoja bahari, kwa upande wa pili Kongo na machimbo ya shaba ya Katanga, ambako watu wa makabila mengi walikutana, wakazungumza Kiswahili, wakapokea mshahara, na Jumapili wakatafuta starehe.

Kutoka huko Katanga ndiko gitaa letu lilikopata sauti yake. Mwaka 1952, katika mji ulioitwa Jadotville, ambao leo ni Likasi, mtafiti Hugh Tracey alimrekodi kijana wa miaka 22 aitwaye Mwenda Jean-Bosco. Wimbo wake Masanga ukasambaa Afrika nzima na kuvuka bahari. Sahani hizo zilitolewa na kampuni ya Gallo ya Johannesburg, iliyoanzishwa mwaka 1926, ambayo pia iliuza magitaa ya bei nafuu yaliyotengenezwa Afrika Kusini, yenye jina la Gallotone.

Hapa nisimame kidogo, kwa maana kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Siku ya tarehe 6 Julai 1957, pale Liverpool, Uingereza, kijana John Lennon alipokutana kwa mara ya kwanza na Paul McCartney, na urafiki wao ukaja kuzaa bendi ya Beatles, gitaa alilokuwa akipiga Lennon lilikuwa Gallotone. Gitaa kutoka Afrika! Ndani yake lilikuwa na karatasi ya kuhakikisha kwamba halitapasuka. Kumbukeni neno hilo, kupasuka, maana tutalirudia.

Na Franco je? Huyu aliyezaliwa 1938 na kufariki 1989, mtu ambaye gitaa lake lilichezesha bara zima, husimuliwa kwamba alianza utotoni, huko Léopoldville, kwa gitaa la kopo lenye nyuzi za waya wa umeme uliochunwa. Hakusubiri duka. Na hakuwa peke yake. Ni vijana wangapi, kutoka Kinshasa hadi Kigoma, kutoka Lusaka hadi Lilongwe, wamekata galoni la mafuta, wakalitia shingo ya ubao na kulifunga nyuzi za breki ya baiskeli? Sisi watu wazima tukiwaona tunacheka, tunasema ni mchezo wa watoto. Mimi nasema ile ni karakana. Mtoto anayehangaika mpaka galoni litoe sauti amekwisha kujifunza kwamba uso ndio unaoimba, na kwamba shingo ikipinda wimbo unaharibika.

Nililifikiria jambo hili sana nilipokwenda Mwamgongo. Kwa wasiokijua, Mwamgongo ni kijiji cha mwambao, kaskazini ya Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Unapanda mashua Kibirizi, jirani na mji wa Kigoma, unapita chini ya milima ya sokwe, kisha nyumba zinaanza kuonekana, milima mgongoni na maji miguuni. Huko mtu anaishi kwa dagaa na migebuka, kwa michikichi na mihogo. Tena anaishi kwa chombo cha majini, na chombo cha majini kina fundi wake.

Nilimkuta mzee mmoja, fundi wa mitumbwi, ameshika tezo. Baada ya salamu na habari za safari, nikamweleza jinsi gitaa la uso uliobinuka linavyochongwa: kwanza nje, kisha ndani, nene katikati, jembamba pembeni. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Mwanangu, huo ni mtumbwi uliofunikwa." Kisha akachukua ubao, akaushika sehemu moja kwa vidole viwili, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akaniambia nisikilize. Akagonga wa pili. Wa kwanza ulilia, wa pili ulinyamaza. "Huu una maji bado," akasema.

Ndugu msikilizaji, jambo alilolifanya mzee yule ndilo wanalolifanya wachongaji wa magitaa wa New York na wa Ulaya. Wanagonga ubao na kusikiliza.

Tuitazame basi kazi yenyewe, kama seremala angeifanya nyumbani kwake. Kwa uso huchagua mbao nyepesi lakini ngumu, zilizonyooka nyuzi zake. Wenzetu wa nchi za baridi hutumia mti uitwao sprusi. Sisi hatunao, lakini misindano iliyopandwa Sao Hill ipo, na ubao wake mzuri, uliokaushwa vema, unastahili kujaribiwa. Vipande viwili huunganishwa katikati kwa gundi. Nje huchongwa tao, kisha ndani hupunguzwa kwa patasi na randa ndogo, mpaka katikati pabaki kama milimita 6 na pembeni kama milimita 3 au 4. Chini ya uso hubandikwa miti miwili myembamba ya kuutia nguvu, kwa sababu nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta kwa uzito wa zaidi ya kilo 60. Tao ndilo linalobeba mzigo huo, kama tao la daraja linavyobeba magari.

Mbavu za gitaa ni mbao za unene wa milimita 2 au 3, zinazoloweshwa na kukunjwa polepole juu ya bomba la moto. Shingoni ndiko kwenye hesabu. Ikiwa uzi una urefu wa milimita 648, chuma cha kwanza huwekwa kwa kugawanya urefu huo kwa 17.817, yaani milimita 36 na ushei kutoka juu. Urefu unaobaki hugawanywa vivyo hivyo kwa chuma cha pili, na kuendelea, mpaka chuma cha 12 kiangukie nusu kamili. Ukikosea milimita moja, sikio la mtoto litakugundua. Mwisho ni vanishi, nayo ipakwe nyembamba, kwa maana vanishi nzito ni blanketi juu ya mdomo wa mwimbaji.

Lakini kabla ya hayo yote ipo subira. Mbao mbichi hupasuka. Ndiyo maana Gallo walitia ile karatasi ya ahadi, na ndiyo maana mzee wa Mwamgongo aliukataa ubao wenye maji. Haraka haraka haina baraka, na katika gitaa haina hata sauti.

Mtaniuliza, haya yote yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Mti unaotafutwa na watengenezaji wa zumari za Ulaya, zile za klarineti na obo, ni mpingo wetu. Mpingo huo huo hutumika pia katika magitaa ya bei kubwa. Mninga wetu nao husifiwa kwa kutulia usipinde ukishakauka. Tunauza gogo, kisha tunanunua wimbo. Tangu 2017 biashara ya mpingo ya kimataifa iko chini ya masharti ya mkataba wa CITES, na mwishoni mwa 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika viliondolewa katika masharti hayo. Angalieni maana yake: ubao una vikwazo mpakani, gitaa lililokamilika lina njia. Sheria yenyewe inatuambia tuchonge.

Haina maana tukate ovyo. Vijiji vya Kilwa vilionyesha mwaka 2009 kwamba msitu wa mpingo unaweza kuvunwa kwa utaratibu mpaka ukapata cheti cha kimataifa. Na huko Kigoma, tangu 1994, mradi wa TACARE umeshirikiana na vijiji jirani na Gombe katika kupanda na kutunza miti. Anayetaka gitaa la mwaka 2070 ni lazima awe na mti unaoota sasa.

Kuwaiga Wamarekani si lazima. Jirani zetu wa Burundi wana inanga, gogo lililochimbwa kama sinia refu na kuwambwa uzi mmoja unaokwenda na kurudi. Sisi tuna zeze. Mikono ya kuchimba mti ukatoa sauti haikuletwa na reli wala na Liemba, ilikuwapo. Tulipopokea gitaa tulipokea upigaji, tukauacha uchongaji mlangoni kama mgeni asiyealikwa.

Maseremala tunao. Vyuo vya ufundi tunavyo, na Bagamoyo tuna chuo cha sanaa tangu 1981. Kinachotakiwa ni kuwakalisha pamoja mpiga gitaa, seremala na fundi wa mitumbwi, wagonge ubao, wasikilizane. Na wewe mzazi, mwanao akikata galoni la mafuta kesho, usimchape. Mwulize kwanza nyuzi amezipata wapi, kisha mtafutie ubao mkavu.